Dawa isiyojua kushindwa

Ukitoka stendi ya matatu ya Malindi kuelekea sokoni, nguzo za stima zimebandikwa matangazo ya waganga mpaka rangi ya nguzo haionekani. Karatasi zote ni za aina moja: herufi nyeusi, namba mbili za simu, kisha orodha. Kurudisha mpenzi. Kesi mahakamani. Nguvu za kiume. Mali iliyoibwa. Kisukari, biashara, kupandishwa cheo, mtihani wa mtoto, "na mengineyo". Na yote hayo ni ya mganga mmoja. Daktari wa macho hospitalini hathubutu kugusa jino la mtu. Huyu asubuhi anamaliza kisukari, jioni anaamua kesi ya shamba.

Wengi wetu huishia kucheka. Mimi hutazama jambo ambalo karatasi hailisemi, nalo ni masharti ya kushindwa. Mpenzi akirudi, dawa imefanya kazi. Asiporudi, basi ulikula samaki uliyekatazwa, au ulipita njia panda usiku, au ulimwambia mtu, au jogoo hakuwa mweusi wote. Ama kuna mkono mwingine wenye nguvu zaidi uliokufunga, na kuufungua huo nako kuna bei yake. Tafuta utakavyotafuta, hutaliona tukio ambalo likitokea mganga atasema: basi bwana, dawa yangu si kitu, chukua pesa zako. Ameipanga biashara yake kila kinachotokea kiwe ushahidi wake.

Ndiyo sababu kila nikisikia dai kubwa, liwe la dawa, la nyota, la siasa au la mwisho wa dunia, swali langu la kwanza ni moja: nini kikitokea utakubali kwamba umekosea? Mwenye jawabu, tuketi tuzungumze. Asiye na jawabu hata akifikiri mchana kutwa, huyo hajadai kitu, anauza tu.

Katika huduma za kwenye nguzo, inayonivuta zaidi ni "kusafisha nyota". Nyota ya mtu, wanasema, hufifia au huibwa, na kwa malipo husafishwa ikang'aa tena. Haya yanabandikwa Malindi, mji usio mgeni wa nyota. Kaskazini yetu, baharini mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya San Marco ambayo Waitaliano walianza kurushia setelaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Jamhuri, na ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kutazama eksirei zitokazo angani. Kati ya vitu ilivyovichunguza ni kimoja kiitwacho Cygnus X-1, ambacho tabia yake iliwafanya wataalamu waanze kunong'ona kwamba huenda ni shimo jeusi, kitu ambacho mvuto wake hata mwanga hauponyoki. Katikati ya miaka ya 1970 mwanafizikia Stephen Hawking na mwenzake Kip Thorne wakawekeana dau juu yake. Hawking, ambaye mashimo meusi ndiyo yaliyompa jina, akashika upande wa kusema hapana, hilo si shimo jeusi. Ushahidi ukazidi kulundikana, na mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa, akamlipa mwenzake jarida la mwaka mzima. Bado sijamsikia msafisha nyota aliyelipa dau.

Kuna watu wakisikia hivi husema haya ni mambo ya Wazungu na darubini zao. Si kweli. Wavuvi na wakulima wa pwani wana msemo wa zamani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo la nyota hupotea machoni jioni za mwisho wa Aprili na Mei, likaonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Tazama msemo huo ulivyojifunga wenyewe. Umetaja dalili, umetaja wakati, umetaja kitakachofuata. Juni ikifika, mvua ipo au haipo, na mtoto wa darasa la nne mwenye daftari anaweza kuweka hesabu miaka kumi akaja kutuambia umepatia mara ngapi na umekosea mara ngapi. Waliousema hawakuacha mlango wa nyuma wa kusema "ulikula samaki". Na nahodha wa jahazi aliyeukosea msimu wa kaskazi hakupata wa kumsingizia. Hasara ilikuwa ya shehena yake na roho yake. Huo ni ujuzi wa kienyeji wenye heshima zote, na ni dhuluma kuuweka fungu moja na karatasi za kwenye nguzo ati kwa kuwa vyote ni "vya asili".

Hapa ndipo ninapokatizwa kila mara. Mtu huniambia: "Sema utakavyo kaka, lakini shangazi yangu alikunywa akapona." Sina ugomvi na shangazi. Alikunywa, ni kweli. Alipona, ni kweli vilevile. Kinachodaiwa bila kuonyeshwa ni kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Maradhi mengi ya binadamu huondoka yenyewe: mafua, harara, tumbo la siku mbili. Mengine hupanda na kushuka, kama maumivu ya viungo, pumu, mgongo. Na mtu haendi kutafuta dawa siku ya nafuu. Huenda siku amelemewa. Baada ya siku iliyo mbaya kuliko zote, inayofuata aghalabu huwa afadhali, anywe kitu au asinywe. Kuna pia faraja ya kusikilizwa na mtu anayekuuliza habari za mama mkwe wako bila haraka, jambo ambalo kliniki yenye foleni hadi nje ya lango haiwezi kukupa. Faraja hiyo siidharau, kwa kuwa maumivu hupungua kweli mtu akitulizwa. Uvimbe ndio haupungui. Mwisho kabisa, aliyepona hurudi na kuku wa shukrani, na aliyekufa harudi kudai pesa zake. Ushuhuda wote unaotufikia ni wa waliobaki.

Mwaka 2011 tuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, alianza kutoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania. Ukimwi, kisukari, saratani, vyote kikombe kimoja. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, Wakenya wakavuka mpaka, na wapo wagonjwa waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Bei ilikuwa ndogo, na mzee mwenyewe hakuishi kitajiri. Wengi walichukua hilo kuwa dalili ya ukweli. Lakini mtu anaweza kuwa mkweli wa moyo na bado akawa amekosea. Uaminifu wa msemaji na usahihi wa dai lake ni mambo mawili, na pwani tunayachanganya sana, kwa kuwa tumelelewa kumheshimu mzee kabla ya kumuuliza.

Wala mtu asidhani koti jeupe ni kinga. Julai 1990 Rais Moi alizindua Kemron, dawa ya ukimwi iliyotokana na utafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba. Ilikuwa interferoni, protini ambayo mwili huitengeneza kupigana na virusi, kwa kipimo kidogo cha kumung'unywa, na wagonjwa wa mwanzo walisemekana kuamka vitandani. Nchi nzima ikajawa na fahari, na nani angetulaumu? Kasoro ilikuwa ndogo kuielezea na kubwa kwa matokeo yake: wagonjwa waliopewa dawa hawakulinganishwa na wengine waliofanana nao waliopewa kitu kisicho dawa. Ulinganisho huo ulipofanywa, ukiwamo ule ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi za Afrika, manufaa hayakuonekana. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, nayo haikuthibitika. Maprofesa, Ikulu na magazeti walikosea pamoja. Hata hivyo Kemron naitofautisha na kikombe kwa jambo moja: dai lake lilikuwa la aina inayoweza kupimwa likaanguka, likapimwa, likaanguka. Baadaye zilipokuja dawa za kweli za kupunguza makali ya ukimwi, zilipita mtihani uleule.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani, Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza wa kufadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989. Miaka ya mwanzo ya 1990 kulikuwa na swali ambalo leo linaonekana la kitoto: je, neti iliyochovywa dawa ya mbu inaokoa watoto? Kila mtu angeweza kusema ndiyo kwa kukisia. Wao walichukua maeneo, wakaamua kwa kura yapi yapewe neti na yapi yasubiri, kisha wakahesabu. Walihesabu vifo na walihesabu watoto waliolazwa. Penye neti, vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Zingeweza kutoka namba nyingine. Zingeweza kuonyesha neti ni kazi bure, na pesa za wafadhili zingekuwa zimekwenda na maji. Neti unazoona zimeanikwa kwenye kamba za nguo leo kuanzia Mambrui hadi Watamu zina deni kwa akina mama wa Kilifi waliokubali kuhesabiwa.

Hesabu hiyo iligusa jambo jingine linalostahili kusemwa polepole. Mtoto mwenye homa akianza kukakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka, wazee wetu walisema ni nyuni, ndege aliyepita juu yake. Na mama aliambiwa: usimpeleke akachomwe sindano, atakufa. Daktari kijana aliyetoka Nairobi akisikia hivi hukunja uso, akaandika "ujinga" kwenye daftari la moyo wake. Lakini mfikirie yule mama. Ameona kwa macho yake mtoto wa jirani akikakamaa siku nzima nyumbani, akachelewa kufikishwa hospitalini, akachomwa sindano, akafa saa ileile. Ameona wengine waliokakamaa kwa homa ya kawaida, wakafukizwa, wakaamka wakaomba uji. Kwa aliyoyaona, sindano inaua na mafusho yanaponya. Hakukosa akili, alikosa kujua kwamba wale watoto hawakuwa wagonjwa wa kitu kimoja. Aliyekufa alikuwa na malaria iliyopanda kichwani, na ilikuwa imeshammaliza kabla ya sindano. Kosa lake na la yule mwenye shangazi aliyekunywa akapona ni moja, na la watafiti wa Kemron pia: kutazama kilichofuata bila kuuliza ingekuwaje kama kisingetangulia kile. Ukimwita mjinga, utakuwa umempoteza, na mtoto wake mwingine atachelewa vilevile.

Kwa hiyo siwaelewi wanaotaka nichague kati ya mitishamba na hospitali. Vidonge vya malaria vinavyotolewa Malindi leo vina asili ya mmea. Mwanakemia wa China, Tu Youyou, alisoma kitabu cha tiba cha karne ya nne cha Ge Hong, kilichosema mmea wa artemisia uloanishwe kwa maji na ukamuliwe maji yake. Akagundua kwamba joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akaitoa bila moto mkali, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mzee wa karne ya nne alipatia, lakini tulijua amepatia baada ya kumpima, na ni kwa kumpima tulijua pia kiasi gani cha kumpa mtoto wa kilo kumi. Aprili 2020 Rais Rajoelina wa Madagaska alikunywa mbele ya kamera kinywaji cha mmea huohuo kama dawa ya korona. Mmea ulikuwa mmoja, lakini mara hii ulikuja na kamera bila hesabu. Mwarubaini wetu nao uko hapo katikati: majani na mbegu zake kweli hufukuza wadudu, jambo hilo limepimwa, lakini kutoka hapo hadi kusema unaponya kisukari ni safari ndefu, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kwa nia njema.

Wapo wanaosema maswali haya huanzia kwa dawa yakaishia kwa Mungu. Kwa mtu wa pwani aliyesoma chuo cha Kurani, hofu hiyo inashangaza. Mwaka 632 jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, mtoto mdogo. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Hapakuwa na uvumi ambao ungemfaa zaidi kiongozi wa dini. Mtume akaukataa: jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Vizazi vilivyofuata wanazuoni wakajenga elimu nzima ya kuuliza "nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani?", wakachunguza kila mpokezi, kumbukumbu yake, ukweli wake, kama aliwahi hata kukutana na anayedai kupokea kwake, na wakazitupa riwaya kwa maelfu hata zilizokuwa tamu. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, akiandika mwaka 1377, alitenga milango ya kitabu chake ya kuwapinga watabiri wa nyota na wanaodai kugeuza madini kuwa dhahabu. Sasa chukua ile sauti ya WhatsApp iliyozunguka wakati wa korona, mtu asiyejitaja anasema "daktari mmoja mkubwa wa Italia" kashauri maji ya moto na ndimu. Ipeleke kwa hao wanazuoni. Haivuki hata mlango: mpokezi hajulikani, aliyempokea hajulikani, na mwisho umeandikwa "imenifikia hivi hivi". Lakini walioisambaza ni hao hao ambao darsani hawakubali hadithi bila sanad, yaani mlolongo wa wapokezi wake.

Lazima niseme pia kwamba shaka za watu wetu hazikuzuka hewani. Bibi zetu walitishana kwa mumiani, watu wanaonyonya damu usiku, na watafiti walipokuja Kilifi na vichupa vya kupima damu, hadithi ya zamani ilipata sura mpya. Na watafiti wamewahi kuwatendea watu unyama: huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, weusi wenye kaswende walitazamwa wakiteketea bila kupewa tiba iliyokuwepo. Anayeuliza "damu yangu inakwenda wapi?" ameuliza swali zuri, na anastahili jibu kamili kutoka kwa mwenye sindano. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Kilifi ilikuwa moja ya vituo vya kuijaribu, ilitangazwa na wenyewe kwamba kwa dozi nne inapunguza malaria kwa watoto kwa takribani asilimia 36 katika miaka minne. Hakuna bango la nguzo ya stima litakaloandika asilimia 36. Kwangu mimi, ndiyo namba iliyonifanya niwaamini.

Na yote haya yangebaki mazungumzo ya barazani kama si msitu wa Shakahola. Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi katika msitu ule, bara ya mji wetu, na miili ikazidi 400, ya watu wanaosemekana kufunga mpaka kufa wakitaraji kukutana na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana, na hilo ni la mahakama. Langu ni namna mafundisho yenyewe yalivyoundwa. Njaa ikiuma, ni dalili kwamba unakaribia. Ndugu akija kulia, katumwa na shetani. Hospitali na shule ni za dunia. Hakuna kilichoweza kutokea kikamfanya mtu ndani ya msitu ule aseme "tumekosea", na walikuwamo watu waliosoma na wenye kazi zao. Mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalikuwa yakijulikana Malindi miaka kadhaa kabla, na mji ukayahesabu kuwa mambo ya kanisa la watu.

Kwa muundo huohuo wanauawa wazee wetu. Katika kaunti ya Kilifi, mwaka baada ya mwaka, wazee wanakatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Angalia ushahidi. Ana mvi. Macho mekundu, na nani mwenye kupika kwa kuni miaka sitini asiyekuwa nayo? Mjukuu alikufa ghafla, mganga akapiga bao la ramli, na jina likatoka. Mzee akikana, wachawi wote hukana. Akinyamaza, amekosa la kusema. Akikiri kwa kipigo, si mnamsikia? Sheria ya Uchawi ya 1925 inamtia hatiani anayejidai mchawi na anayemtuhumu mwenzake pia, lakini waliofikishwa kortini kwa kutuhumu ni haba ukilinganisha na waliozikwa. Waliobahatika kutoroka usiku wamepewa hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze, wanaishi na wenzao wa tuhuma hiyohiyo. Wazee wenyewe na maafisa wa utawala wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma hizi mna ugomvi wa shamba. Polisi wakiitwa kwenye kesi kama hizo, wasianze kwa kuuliza nani aliota, nani aliugua, mganga alisema nini. Waanze kwa kumuuliza anayelilima shamba sasa.